Paka Aliyefungwa na Mwili Wake

Hadithi ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka haina haja ya kusimuliwa kwa mtu aliyepita chuoni. Watoto wa pwani huisikia kabla hawajaweza kusoma sawasawa, na mapokezi yake yamo ndani ya Bukhari na Muslim, kwa njia ya Ibn Umar na ya Abu Huraira. Mwanamke alimfungia paka mpaka akafa. Hakumpa chakula wala maji, wala hakumwacha atoke akajitafutie vijidudu vya ardhini. Kama inavyofundishwa siku zote, kosa lake liko kwenye kufungia. Tunatoka chuoni tukijua kwamba paka hafungwi, na kwamba asiyetaka kumlisha ana njia ya pili nyepesi, amwachie. Ndiyo maana mtu mcha Mungu kabisa, asiyekosa jamaa ya alfajiri, anaweza kumtia paka mzee ndani ya gunia, akampeleka soko la samaki au nyuma ya bucha, akalegeza mdomo wa gunia na kurudi nyumbani na moyo mweupe. Hakumuua, hakumfunga, amemwachia Mungu. Naona kwamba hadithi ile ile anayoitegemea ndiyo inayomshtaki, na kwamba kumtafutia nyumba paka mzee na mgonjwa ni deni, hata kama tumezoea kuliona kuwa huruma ya ziada ya watu wenye nafasi.

Tuisome tena polepole. Hadithi inataja milango miwili ya riziki: chakula kinachotoka mkononi mwa mtu na chakula kinachookotwa ardhini. Mwanamke alilaumiwa kwa kuifunga yote miwili. Lakini mlango wa pili una sharti ambalo hadithi haikuhitaji kulitaja, kwa kuwa paka yeyote mzima analo: miguu ya kukimbia, meno ya kukamata, pua ya kumwelekeza. Sasa mtazame paka aliyepita miaka kumi na miwili na ambaye figo zake zimeanza kushindwa, maradhi ambayo ni ya kawaida sana kwa paka wa umri huo. Figo dhaifu haziwezi kuyashika maji, kwa hiyo anakunywa kutwa na kukojoa kutwa, na bado anakauka. Taka ambazo figo zilipaswa kuzitoa zinabaki ndani ya damu na kumtia kichefuchefu. Ukimwekea sahani ya dagaa anaijia, ananusa, analamba midomo kama aliyeonja kitu kichungu, kisha anageuka na kwenda kuinama juu ya ndoo ya maji. Manyoya ya mgongoni yameshikana mafundo kwa sababu kiuno hakipindi tena kumfikisha ulimi. Ukipitisha kiganja unahesabu pingili za uti wa mgongo moja moja. Fizi zikiwa nazo zimeoza, anatafuna kwa upande mmoja na nusu ya tonge inamdondoka. Mfungulie gunia paka huyu pale sokoni, palipo na mapaka shume waliokwisha kugawana kila meza na kila mtaro, na maji yaliyopo ni yale yaliyooshea samaki. Panya anapita mbele yake naye hana la kufanya. Mlango wa pili umefungwa kwake kama ulivyofungwa kwa paka wa hadithi, ila safari hii kamba ni mwili wake mwenyewe. Aliyemfikisha pale akijua hali yake amefanya alichofanya yule mwanamke: amemkatia chakula cha mkononi na kumwacha mahali ambapo cha ardhini hakipatikani.

Mtu anaweza kuniambia kwamba ninaivuta hadithi nje ya maneno yake. Hebu basi tuwaangalie mafakihi, ambao kazi yao ni kupima maneno. Katika Minhaj, kitabu cha Imamu Nawawi ambacho kimekuwa tegemeo la madhehebu ya Shafi na ambacho masheikh wa pwani yetu wamekisomesha kizazi baada ya kizazi, mlango wa matumizi ya lazima hauishii kwa mke, watoto na wazazi. Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, anaufikisha mpaka kwa wanyama. Mwenye mnyama ni wajibu kumlisha na kumnywesha. Akikataa, hulazimishwa, na hapa ndipo penye uzito: kwa mnyama anayeliwa, kadhi humpa hiari ya kuuza, kulisha au kuchinja, kwa mnyama asiyeliwa, hiari zinabaki mbili tu, auze au alishe. Paka haliwi. Basi mwenye paka ana kuuza na kulisha. Lakini nani atamnunua paka mzee mwenye figo mbovu? Na hata kuuza paka kwenyewe kuna hadithi ya Jabir ndani ya Muslim inayokataza thamani yake, ingawa Mashafi wengi waliifasiri kwa namna inayoacha nafasi. Kwa vitendo, kuuza kumefungika. Kinachobaki ni kumlisha mwenyewe, au kumkabidhi mtu mwingine atakayemlisha bila kumdai bei. Hii ndiyo maana ya kumtafutia nyumba: ni kuuza kulikovuliwa fedha, yaani kuhamisha wajibu kutoka mkono mmoja hadi mwingine bila kuuacha udondoke njiani. Katika hiari zile, kufungua gunia sokoni hakumo.

Vipi basi paka ambaye hana mwenyewe, aliyeokotwa na kuletwa kwenye kituo cha kuhifadhi wanyama? Wafafanuzi wa madhehebu waliliona swali hili likija. Mwenyewe akiwa hana kitu na njia zote zikishindikana, gharama ya mnyama huhamia Baitulmali, na ikishindikana humo huwarudia Waislamu kwa jumla. Ninaipenda mantiki hii kwa sababu haikubali hata mara moja kusema kwamba sasa hakuna anayehusika. Wajibu hupanda ngazi moja baada ya nyingine mpaka uwakute watu wote, na ukishakuwa juu ya watu wote, yule mmoja anayejitokeza kumchukua paka kituoni amewatua wengine mzigo ambao walikuwa nao wala hawakuusikia mabegani.

Bado hatujajibu swali la msingi zaidi: kwa nini mnyama asiye na faida awe na haki yoyote? Wanafalsafa wa Ulaya waliligusa. Plutarch, akiandika habari za Cato wa Roma, aliyewauza watumwa wake walipozeeka, alisema yeye asingemuuza hata ng'ombe aliyemlimia kwa sababu tu ya uzee. Akakumbusha nyumbu waliobeba mizigo wakati watu wa Athens wanajenga hekalu lao kubwa: waliachiliwa wale majani, na mmoja wao aliyekuwa akirudi kazini kwa hiari yake alipitishiwa uamuzi wa kulishwa kwa mali ya umma mpaka kufa. Kant naye, katika mihadhara yake ya maadili, alisema mbwa aliyemtumikia bwana wake kwa uaminifu na sasa amezeeka anastahili kutunzwa mpaka mwisho wake. Lakini sababu ya Kant ni binadamu: anayezoea ukatili kwa mnyama atakuja kuwa mkatili kwa watu. Na sababu za Kant na Plutarch zote zinapita kwenye utumishi. Ng'ombe alilima, nyumbu walibeba, mbwa alilinda. Kwa paka wa kituoni hoja hii inakatika. Hakuna anayejua alifukuza panya wa nani. Labda hakumfaa mtu hata siku moja. Kama haki yake ni malipo ya kazi, hana risiti.

Hapa ndipo Izzuddin bin Abdussalam anaponisaidia kuliko wote. Mwanachuoni huyu wa Damascus, Mshafi pia, aliyefariki Cairo mwaka 1262, alipoorodhesha haki za wanyama juu ya mwanadamu alianza na matumizi, kisha akaongeza sharti ambalo mtu asingelitarajia kwa mtu wa karne ya 13: walishwe kinachowatosha hata wakiwa wamezeeka au wameugua kiasi kwamba hakuna manufaa yanayotarajiwa kutoka kwao. Alilitumia neno haki, neno lile lile la deni baina ya mtu na mtu. Kwake uzee na maradhi havikuwa sababu ya kuipunguza haki hiyo. Alivitaja kwa sababu ndipo panapojulikana kama haki ipo kweli. Kumlisha paka anayekukamatia panya ni biashara, kila mmoja ananufaika. Ni pale panya wanapompita na yeye amelala ndipo inapoonekana kama ulikuwa unampa kwa ajili yake au kwa ajili ya ghala lako. Wahenga walimsema punda kwamba shukrani yake ni mateke. Sijui wangetusema nini sisi, ambao tunampa paka sehemu ya mabaki kwa miaka kumi na siku anapohitaji zaidi tunamtafutia gunia.

Wapo wanaokubali yote haya na bado wanauliza: si kituo kinamlisha? Vituo vipo, na vingine vya siku nyingi. Chama cha kulinda wanyama cha Nairobi, KSPCA, kina mizizi yake mwaka 1910. Na kabla ya vituo hivyo kulikuwa na vya kwetu. Sultan Baybars wa Misri, aliyefariki mwaka 1277 kama Nawawi, inasimuliwa kwamba aliweka wakfu bustani nje ya Cairo kwa ajili ya paka. Mwingereza Edward Lane, katika kitabu chake cha mwaka 1836 kuhusu desturi za Wamisri, anaeleza kwamba bustani ilikwisha kuuzwa na mapato ya wakfu kupotea, lakini kadhi alibaki na wajibu. Kila alasiri chakula kililetwa uani mwa mahakama na paka wengi walikusanyika. Anaongeza jambo moja linalosikitisha: watu wa Cairo waliotaka kuondokana na paka wao walikuwa wakiwapeleka na kuwafungulia uani hapo. Gunia lilikuwepo tangu zamani. Ua wa kadhi ulikuwa jambo jema, na vituo vyetu ni jambo jema, lakini katika orodha ya Izzuddin kuna haki nyingine: mnyama asichanganywe na anayemdhuru, awe wa jinsi yake au wa jinsi nyingine. Paka mzee akiwekwa kwenye kizimba, mbwa wakibweka ukuta wa pili na dume changa likimkodolea macho kupitia wavu, hujibanza kona ya nyuma na kuacha kula. Hili madaktari wa mifugo wanalijua vizuri: paka hali akiwa na hofu, na paka asiyekula kwa siku chache tu anaweza kuharibika ini, kwa kuwa mafuta ya mwili humiminika humo kuliko linavyoweza kuyahimili. Sahani ipo mbele yake, imejaa, naye anakufa njaa. Kwa mnyama wa namna hii, chumba kimoja chenye utulivu ni sehemu ya chakula. Asipopewa nyumba, hajalishwa.

Pingamizi zito kuliko yote ni la watu. Kuna yatima hawana sare za shule, kuna wagonjwa wa figo wa kibinadamu wanaohesabu fedha za kusafishwa damu, na sisi tunazungumzia figo za paka. Silidharau pingamizi hili, na anayelitoa kwa dhati namheshimu. Lakini lina dhana kwamba rehema ni debe moja la maji, ukimchotea mmoja umempunguzia mwenzake. Vichwa vya dagaa alivyonyimwa paka havijaenda kwa yatima. Na hadithi ya mtu aliyeteremka kisimani akamchotea maji mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake haisemi kwamba kwanza alihakikisha hakuna binadamu mwenye kiu duniani. Palipo na ushindani wa kweli, kwa mfano fedha ni moja na ama inunue dawa ya mtoto ama ya paka, mtoto anatangulia, na sioni haya kulisema. Qurani imeweka wazi mwisho wa sura ya Baqara kwamba nafsi haibebeshwi isichokiweza. Vipimo vya damu, chakula maalumu cha figo, maji ya dripu yanayoingizwa chini ya ngozi, hivyo ni ihsani kwa mwenye uwezo. Kinachobaki kuwa lazima ni kidogo: tonge laini, maji safi yasiyokosekana, kivuli, mahali pasipo mateke. Na asiyeweza hata hayo bado ana ulimi. Kuuliza barazani, kuwaambia watu baada ya swala, kuandika kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, hakumpunguzii yatima hata senti.

Na kwa nini asilazwe kwa sindano, apumzike? Fikihi ya Shafi ni kali hapa: inaharamisha kumchinja mnyama asiyeliwa hata kwa nia ya kumpumzisha, na mfano wake ni punda mwenye maradhi ya kudumu. Wengine wamelegeza zaidi, na madaktari wengi wa mifugo leo huona sindano kuwa rehema pale maumivu yanapokuwa hayana tiba. Sitalimaliza suala hilo hapa, kwa sababu hoja yangu hailihitaji. Hata anayeruhusu huruhusu kwa ajili ya maumivu ya mnyama. Paka mwenye figo dhaifu lakini anayelala juani, anayesimama ukimwita, anayejilamba makucha ya mbele kwa kuwa ndiyo pekee anayoyafikia, hajaomba kupumzishwa. Akilazwa kwa sababu hakuna aliyemtaka, maradhi yanaandikwa kwenye karatasi, lakini kilichomuua ni kukosa nyumba.

Basi atafutiwe, na atafutiwe kwa ukweli. Hapa watu wema ndipo wanapoteleza. Kwa hamu ya kumpatia paka mlango, humpiga picha akiwa amelala ili mbavu zisionekane, humpunguzia umri, husema anakunywa maji kidogo zaidi. Mtume alipotia mkono ndani ya rundo la nafaka sokoni na vidole vikakuta unyevu, alimkemea muuzaji kwa kuuficha chini, na hukumu ya ghishi haibadiliki eti kwa kuwa unachotoa ni zawadi. Aliyedanganywa atamrudisha, na paka mzee aliyerudishwa huwa amepoteza mara mbili. Mwambie mtu wazi: ana miaka mingi, figo zinakwisha, atakojoa sana na pengine nje ya boksi la mchanga, utamzika, huenda ni mwaka ujao au kabla. Kisha mwambie na upande wa pili, ambao pia ni kweli. Hatapanda mapazia. Atalala saa nyingi. Mchanga wake ukitolewa kila siku, hofu ya kimelea cha toksoplasma inapungua sana, maana vijimayai vyake huhitaji siku moja au zaidi nje ya mwili kabla ya kuweza kuambukiza, na paka kwa kawaida huvitoa kwa wiki chache tu, mara anapoambukizwa kwanza, aghalabu akiwa mdogo. Na anayehofia najisi amkumbuke Abu Qatada, aliyeinamisha chombo cha maji yake ya udhu mpaka paka aliyepita akanywa akatosheka, mke wa mwanawe akimtazama kwa mshangao. Akamwambia kwamba Mtume amesema paka si najisi, ni katika wanaozunguka miongoni mwenu. Huinamisha chombo mtu anayeona kwamba anayekunywa hakifikii, na mkono huo ulioinama kidogo unanifundisha mengi kuliko hukumu yenyewe ya tohara.

Kuna kisa alichokihifadhi Ibn Khallikan kuhusu mwananahau wa Misri, Ibn Babshadh, aliyefariki mwaka 469 Hijria na ambaye kazi yake ilikuwa kusahihisha lugha ya nyaraka za serikali. Alikuwa juu ya dari la msikiti na wenzake wakila, akaja paka. Wakamtupia tonge, akaliweka mdomoni akaondoka, akarudi. Wakamtupia jingine, akaondoka nalo, akarudi, mara nyingi, mpaka wakajua kwamba tumbo moja haliwezi kuchukua yote hayo. Wakamfuata. Alipanda ukuta, akashuka mahali palipobomoka, na humo alikuwamo paka mwingine, kipofu, na kila tonge liliwekwa mbele yake. Ibn Babshadh akasema kwamba Mungu aliyemtumia kiumbe huyu mtumishi wa kumlisha hatampoteza yeye, akaacha kazi yake na kuishi kwa kutawakali. Sina ubishi na tawakali yake. Ila nikikisoma kisa hiki macho yangu hayaendi kwake wala kwa kipofu, yanabaki kwa yule mwenye macho aliyekuwa akipanda na kushuka ukuta na chakula kizima mdomoni, mbele ya watu waliokuwa bado hawajajua anakipeleka wapi. Kisa hakisemi yeye alikula saa ngapi.